Mzigo Usiopanda Mizani

Kwenye lango la Marangu, kabla msafara haujaingia msituni kuelekea vibanda vya Mandara, kuna mizani. Mpagazi huweka mzigo wake hapo, namba husomwa, na namba hiyo ndiyo inayoamua kama mzigo upande au upunguzwe. Kanuni inajulikana: kilo 20 za mali ya msafara, mbali na vitu binafsi vya mpagazi mwenyewe. Mizani hiyo haikuletwa na huruma. Nyuma yake ipo miaka ya malalamiko ya wapagazi, wale wanaojiita wagumu. Ipo migongo iliyopinda, vipo vifo katika baridi ya juu, na zipo kelele za mashirika kama KPAP, lililoanzishwa mwaka 2003 kutetea hali zao. Ujanja wa kuikwepa upo, na wagumu wanaweza kukueleza ujanja huo vizuri kuliko mimi. Hata hivyo jambo moja limekwisha kukubaliwa na serikali, na wenye kampuni, na hata mtalii anayesoma kitabu cha mwongozo akiwa bado kwao Ujerumani: mgongo wa binadamu una kikomo, na kikomo hicho kinaweza kuandikwa kwa tarakimu.

Sasa shuka kwa barabara ya lami kuelekea Marangu Mtoni, uingie katika hoteli yoyote iliyopokea kundi lililoteremka jana kutoka Kibo. Njia ya Marangu ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala. Safari yake huchukua siku tano au sita, na mtu akirudi kutoka huko amejaa vumbi la volkano hadi masikioni. Jambo la kwanza analofanya ni kuoga. La pili ni kujitupa juu ya shuka nyeupe. Kesho yake anaondoka kwenda Serengeti au uwanja wa ndege wa KIA, na anayebaki na vumbi lile ni mwanamke mwenye ndoo, brashi na orodha ya vyumba mkononi. Huyu hana lango, hana afisa, wala hana mizani.

Hoja yangu ni nyepesi kuieleza, ingawa nimeona inavyowachekesha baadhi ya watu ninapoitamka. Kazi ya mhudumu wa vyumba vya hoteli ni kazi ya kubeba mizigo, kama ilivyo ya mgumu. Imekosa ulinzi kwa sababu haijawahi kupimwa kwa kipimo chake halisi, ambacho si saa bali ni idadi ya vyumba.

Tuitazame kazi yenyewe, maana wengi wanaoizungumzia hawajawahi kuifanya. Chumba cha mgeni aliyeondoka huanza kwa kuvua kitanda: duveti, shuka mbili, foronya, na mara nyingi blanketi la ziada kwa sababu Marangu ni baridi. Kisha hufuata kutandika. Shuka ya chini lazima ivutwe na kukunjwa chini ya godoro kwenye pembe zote nne, na kila pembe inadai godoro linyanyuliwe kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukisukuma kitambaa ndani. Godoro la springi la futi tano kwa sita si godoro la sponji la bwenini. Ni zito, na kadiri hoteli inavyopanda nyota ndivyo godoro linavyonenepa. Kitanda nacho mara nyingi kimeegemezwa ukutani, au ni cha mbao ngumu kisichosogea, kwa hiyo zile pembe za upande wa ukuta hufanywa kwa kujilaza nusu juu ya kitanda na kupinda kiuno. Fanya hesabu ya darasa la nne: vyumba 12 vyenye vitanda viwili ni vitanda 24, na vitanda 24 ni pembe 96. Godoro limenyanyuliwa mara 96, na hatujafika bafuni.

Bafuni ni magoti. Ni kuinama ndani ya bomba la mvua kusugua vigae, kunyoosha mkono juu kufuta kioo, kupiga magoti tena nyuma ya choo. Ni jiki, na dawa ya choo yenye asidi, katika chumba kidogo ambacho dirisha lake limefungwa kwa sababu ya baridi. Viwili hivyo vikichanganywa hutoa gesi ya klorini, jambo ambalo mwanafunzi wa kemia wa kidato cha pili analijua na ambalo msichana aliyeletwa jana kutoka kijijini, akakabidhiwa chupa mbili zisizo na lebo, hajaambiwa na mtu. Atalijua atakapoanza kukohoa. Glovu zipo kwenye picha za chuoni. Kazini mara nyingi ni jozi moja iliyotoboka kidole gumba.

Marangu inaongeza ya kwake. Vitabu vya mafunzo ya kazi hii vimeandikwa kwa ajili ya hoteli ya mjini yenye korido ndefu na lifti, ambako mhudumu husukuma toroli lenye shuka safi upande huu na chafu upande ule. Huku mlimani hoteli nyingi zimejengwa mtelemkoni, nyumba moja moja zikiwa zimetawanyika bustanini, zikiunganishwa na njia za mawe na ngazi. Magurudumu hayapandi ngazi. Toroli likiwapo hubaki stoo, na mzigo huenda kifuani, mabegani au kichwani, safari baada ya safari. Tena msimu mkubwa wa wapanda mlima, Juni hadi Oktoba, huanzia katika miezi ambayo mlima umejifunika mawingu na nguo hazikauki. Yeyote aliyewahi kukamua shuka ya pamba kwa mkono anajua uzito wake ikiwa mbichi. Hutundikwa, ikanyeshewa, ikaanuliwa, ikatundikwa tena, hatimaye ikakaushwa kwa pasi na mtu ambaye zamu yake ilikwisha saa mbili zilizopita.

(Lugha yetu ina utani wake. Kitenzi tunachokitumia kwa kitanda, kutandika, ndicho tunachokitumia kwa punda anapowekewa matandiko ya kubebea mizigo, na ndicho tunachokitumia kwa mtu anayepigwa. Sijui mtunga kamusi aliyeviweka vyote pamoja alikuwa akifikiria nini, lakini wahudumu wa vyumba wangemwelewa.)

Nirudi kwenye kipimo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni sheria nzuri katika mengi. Inasema saa za kawaida zisizidi tisa kwa siku na 45 kwa wiki, kwa siku zisizozidi sita. Inasema mtu aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya saa moja. Inasema muda wa ziada ufanywe kwa makubaliano, usizidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne, na ulipwe mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Amri za Kima cha Chini cha Mshahara, ile ya mwaka 2013 na ile ya mwaka 2022, nazo ziligawa hoteli kwa madaraja na kutaja ujira wa saa, siku, wiki na mwezi. Kote huko kipimo ni muda.

Hoteli haifanyi kazi kwa muda. Hoteli inafanya kazi kwa vyumba. Asubuhi mhudumu hapewi saa tisa, hupewa orodha. Tuseme orodha ina vyumba 12: katika dakika 540 za siku ya kisheria, kila chumba kinapata dakika 45, zikiwamo za kupanda ngazi, kufuata taulo stoo na kumsubiri mgeni ambaye hajatoka. Msimu ukipamba moto na mwenzake akiugua, orodha inakuwa vyumba 18, na kila chumba sasa kina dakika 30. Hakuna kifungu kilichovunjwa. Saa ni zile zile, mshahara ni ule ule, mkataba ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mwili mmoja umefanya kazi ya mwili mmoja na nusu, na katika daftari la mwajiri, la afisa kazi na la mamlaka ya kodi jambo hilo halikutokea.

Vyumba vile 18 visipokwisha katika saa tisa, mhudumu huambiwa kwamba hajamaliza vyumba vyake. Angalia umiliki ulivyohama: asubuhi vilikuwa vyumba vya hoteli, jioni vimekuwa vyake. Akibaki hadi saa moja usiku, hiyo haiitwi saa ya ziada bali huitwa uzembe wake. Anamalizia deni. Kwa njia hii kifungu kizima cha muda wa ziada hubaki kwenye karatasi bila mtu yeyote kukipinga. Hata saa ya mapumziko hupotea kwa hiari yake mwenyewe, kwani anajua kila dakika aliyokaa chini ataikuta inamngoja mlangoni pa chumba kinachofuata. Watumishi wa umma mnaokagua hoteli kwa kuangalia kitabu cha mahudhurio, naomba mlitafakari hili: kitabu kinaweza kuwa safi kabisa.

Si kwamba taifa letu haliwezi kuhesabu. Tunahesabu watalii kwa usahihi wa kupigiwa mfano: 1,527,230 mwaka 2019; wakaanguka hadi 620,867 mwaka 2020 kwa sababu ya korona, wakati ambao wahudumu wengi walirudishwa nyumbani kusubiri kuitwa; wakafika 1,808,205 mwaka 2023 na kupita milioni mbili mwaka 2024. Tunahesabu vitanda na dola. Kila mmoja wa wageni hao alilala mahali fulani, na asubuhi mtu fulani alinyanyua pembe za godoro lake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sina ugomvi na mgeni. Nauliza tu ni mwenyeji yupi anayepona.

Nikiwauliza wanafunzi wangu wanitajie kazi ngumu za Kilimanjaro, hutaja upagazi, uchimbaji wa mchanga, kupakia ndizi sokoni. Zote ni za wanaume, au tunazidhania hivyo. Ya hotelini huiita kazi safi, kazi ya ndani, kazi ya dada. Asili ya dharau hiyo haiko mbali. Katika nchi hii ya vihamba, ng'ombe hufungiwa zizini na majani huletwa. Nani huyaleta? Kwa vizazi vingi wanawake wa Marangu, Mamba na Kilema wameteremka tambarare kukata majani na kupanda nayo mlima, mzigo kichwani, mwendo ambao mtalii angeulipia kiongozi. Hakuna aliyeyapima majani yale. Kahawa ilipimwa, kwa kuwa ilipelekwa chama cha msingi na kuingia katika hesabu za KNCU tangu mwaka 1933, na pesa yake ilipokewa na mwenye kihamba. Wakulima waligombana na kuandikiana barua juu ya mizani ya kahawa, kwa sababu palipo na mizani pana haki ya kudai. Majani ya ng'ombe yalikuwa wajibu wa mke. Kisha bei ya kahawa ikaporomoka baada ya mgawanyo wa soko la dunia kuvunjika mwaka 1989, vihamba vikakatwa vipande kwa urithi, na mabinti wa nyumba zile wakaenda kutafuta mshahara hotelini. Walikuta wanatakiwa kufanya kwa ujira yale ambayo mama zao waliyafanya bure, na mwajiri akayathamini kwa bei hiyo hiyo ya nyumbani. Mwanamke wa Kichaga hachoki, wanasema kwa kumsifu. Sifa hiyo imewaokolea watu fedha nyingi.

Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 ambao hunifanya nicheke kwa uchungu. Wahudumu wa vyumba 84 katika hoteli saba waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliambiwa kwamba kazi yao ya kila siku ni mazoezi ya kutosha ya mwili. Kundi la pili halikuambiwa. Baada ya wiki nne waliochapiwa habari hiyo walionekana kupungua uzito na shinikizo la damu. Watafiti walikuwa na swali lao la kisaikolojia na silidharau. Lakini fikiria meneja anayeupenda utafiti huo. Bila kuongeza mtu wala glovu, anaweza kuwaambia wafanyakazi wake kwamba maumivu yao ni afya.

Maumivu yenyewe yana ramani: kiuno, bega la mkono unaonyanyua, kifundo cha mkono unaokamua, magoti. Hayaji kwa ajali. Mgumu akianguka kwenye miamba, kuna siku, kuna mahali, kuna mashahidi. Mgongo wa mhudumu hauvunjiki Jumanne saa nne asubuhi. Unachakaa kwa miaka sita. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao waajiri huuchangia na mfanyakazi hakatwi hata senti, na sheria yake inatambua magonjwa yatokanayo na kazi, si ajali peke yake. Nani lakini atakwenda kudai? Daktari wa zahanati atamwandikia dawa ya kutuliza maumivu na kumwambia apumzike. Hatamuuliza ananyanyua magodoro mangapi kwa siku, kwa sababu hakuna mahali popote namba hiyo imeandikwa. Ukosefu wa kipimo kazini unageuka ukosefu wa ushahidi hospitalini. Wengi humalizia kwa bibi anayekanda kwa mafuta, nao hulipa wenyewe.

Msimu unaongeza tundu jingine. Vifungu vya sheria ya mwaka 2004 vinavyozuia kuachishwa kazi isivyo haki havimgusi mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kazini. Juni hadi Oktoba ni miezi mitano. Sihitaji kueleza zaidi. Mwenye hoteli anayejua kuhesabu amekwisha kuelewa, na kibarua anayerudishwa kila Juni kama mgeni mpya ameelewa kabla yake. Mtu wa namna hiyo hasemi kwamba kiuno kinamuuma. Akiwa mjamzito huficha tumbo. Sheria inamkataza mwajiri kumfanyisha mama mjamzito au anayenyonyesha kazi ya hatari kwa afya yake na ya mtoto, na inampa anayenyonyesha hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Haki hizo anazidai mtu mwenye uhakika wa kuitwa kesho.

Na bahashishi? Mlimani bahashishi ina sherehe yake. Siku ya mwisho wageni hukusanyika, wagumu huimba, mpishi hutajwa, fedha hugawanywa. Mhudumu wa vyumba hayupo kwenye picha. Chake ni kile kitakachobaki juu ya mto, kama kitabaki, na kama hakikuchukuliwa na aliyeingia kabla yake. Ila taulo ikipotea, yeye ndiye wa kwanza kukumbukwa. Huku wapo wanaokatwa mshahara kwa taulo ambalo sasa linakausha miguu ya mtu huko Ulaya, wakati sheria inadai makato ya namna hiyo yawe na maelezo ya maandishi, mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea, na yasizidi robo ya ujira wake. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 172, uliopitishwa mwaka 1991 mahususi kwa ajili ya hoteli na migahawa, unasema mfanyakazi apate ujira wa msingi unaolipwa kwa vipindi maalumu bila kujali bahashishi. Wenye kuuandika waliijua biashara hii.

Wako watakaosema haya ni mambo ya vitabuni, kwamba vyumba havipimiki kama kilo. Wenzetu kwingine wamevipima. Paris, Julai 2019, wanawake wanaosafisha hoteli ya Ibis Batignolles, wengi wao wenye asili ya Afrika, waliajiriwa na kampuni ya wakala na si na hoteli yenyewe. Walisusia kazi wakidai, pamoja na mengine, kupunguziwa idadi ya vyumba kwa saa. Mgomo wao ulidumu miezi 22 na kumalizika Mei 2021 kwa makubaliano yaliyopunguza kasi ile na kupandisha ujira. Mmoja wa viongozi wao, Rachel Keke, mzaliwa wa Côte d'Ivoire, alichaguliwa mbunge wa Ufaransa mwaka 2022. Huko California kanuni ya usalama kazini iliyoanza kutumika Julai 2018 inawalazimu wenye hoteli kuandika mpango wa kuzuia maumivu ya misuli na viungo kwa wasafisha vyumba, na kuwashirikisha wasafishaji wenyewe katika kuuchunguza mzigo wa kazi. Nchini Hispania wasafisha vyumba waliojiunga kwa jina la Las Kellys walipiga kelele kiasi kwamba visiwa vya Balearic, ambavyo huishi kwa utalii kama Zanzibar, vilitunga sheria mwaka 2022 inayozitaka hoteli ziwe na vitanda vinavyoinuliwa kwa utaratibu wa mashine, ili anayetandika asipinde mgongo.

Vitanda vya kuinuka ni ghali, na siwadai wenye hoteli wa Marangu wavinunue mwaka huu. Nawajua baadhi yao. Si matajiri wa kuonyeshwa kwenye sinema. Ni familia zilizogeuza nyumba ya baba kuwa vyumba vinane, zinazolipa leseni na tozo kwa mamlaka tatu tofauti, na ambazo Aprili mvua ikinyesha hazina mgeni hata mmoja. Katika nyumba kama hizo msichana mmoja hupika, husafisha, hufua na hupokea wageni usiku, na mwenye nyumba naye huamka naye saa kumi na moja. Kumfananisha huyu na hoteli ya vyumba 60 inayouza kitanda kwa dola ni kukosa adabu ya uchambuzi. Lakini gharama ya kuhesabu vyumba ni kalamu. Na mwenye vyumba vinane ndiye atakayeumia pungufu kwa kikomo hicho, maana mtu wake mmoja hawezi kupewa vyumba 18 ambavyo havipo. Tatizo la msichana wake ni saa, na kwa saa sheria tunayo.

Nini basi kifanyike? Bodi ya mshahara ya sekta inayohusika ingeweza kuweka kikomo cha vyumba kwa zamu ndani ya amri ijayo, ikitofautisha chumba cha mgeni anayebaki na cha mgeni aliyeondoka, kwa sababu hivyo ni vitu viwili. OSHA, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ina mamlaka ya kuingia hotelini, na sheria hiyo inadai wafanyakazi wapimwe afya. Vipimo hivyo visiishie kifua na choo wakati kazi inaharibu kiuno. Wanaopanga hoteli kwa nyota huingia na futi kupima upana wa chumba na kukagua ubora wa shuka. Wangeuliza pia shuka hiyo imetandikwa na mtu aliyetandika ngapi kabla yake.

Njia hizo ni ndefu, nazo hupita Dodoma. Ipo fupi zaidi. Palipo na tawi la CHODAWU, mkataba wa hali bora unaweza kutaja idadi ya vyumba bila kusubiri bunge. Na hata pasipo na tawi, kifungu cha 15 cha sheria ile ile ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi: jina, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, saa za kazi, ujira na jinsi unavyokokotolewa, na maelezo ya kazi yenyewe. Fomu nyingi nilizoziona huandika hapo neno moja, usafi. Wanafunzi wa sheria na wa ustawi wa jamii watakaokuwa mafunzoni mkoani Kilimanjaro msimu huu wanaweza kuzipitia fomu hizo pamoja na wahusika, kabla ya Juni, na kusaidia mstari ule uandikwe kwa ukamilifu: vyumba vingapi kwa zamu, vingapi kati yake vya wageni walioondoka, na nini hulipwa kinapoongezwa kimoja.